Shajara ya seli ya hidrojeni: tando tatu, Kamalondo, Lubumbashi

14 Juni

Bahasha imefika baada ya wiki sita njiani. Ndani mna vipande vitatu vya Nafion, utando unaokaa katikati ya seli ya hidrojeni (kifaa kinachotoa umeme kutoka hidrojeni na hewa), kila kimoja sentimita 10 kwa 10, kimelazwa katikati ya karatasi mbili: N117, NR212 na NR211. Mama alikiinua kile chembamba kabisa kuelekea dirishani, akauliza kama ndiyo plastiki mpya ya kufunikia bukari (ugali) isipoe. "Mama, ile ni aside." Akakirudisha mezani haraka, akaenda kunawa mikono.

Sikumtania. Nafion ni ndugu wa Teflon: uti wake wa mgongo ni kaboni na florini, na karibu hakuna kemikali inayouweza. Ila pembeni umening'inizwa matawi mafupi, na kwenye ncha ya kila tawi kuna kundi la asidi ya sulfoniki. Ukiiloweka, asidi hizo hujikusanya kuzunguka maji na kufanya vijia vya ndani ambamo protoni hupita. Aliyeitengeneza ni Walther Grot wa kampuni ya DuPont, mwishoni mwa miaka ya 1960.

Tarakimu ya mwisho ya jina ndiyo unene, kwa sehemu za elfu za inchi. 117 ni saba, yaani mikromita 178. 212 ni 51. 211 ni 25. Niliupima unywele wangu kwa mikrometa ya Papa fundi, ukatoa 80. Kwa hiyo 211 haifiki hata theluthi ya unywele, na ndiyo itakayosimama katikati ya hidrojeni na hewa isiviache vikutane.

Lengo la mradi niliandike hapa ili nisije nikajidanganya baadaye: seli moja yenye eneo la sentimita 5 za mraba, iendeshe taa ya LED kupitia kipandisha volteji pale umeme unapokatika. Hidrojeni itoke kwenye kichanganuzi cha maji (kifaa kinachotenganisha maji kuwa hidrojeni na oksijeni) kinachotumia sola mchana. Halafu nijue, kwa vipimo vyangu mwenyewe, ni utando upi kati ya hii mitatu unaofaa hapa kwetu.

15 Juni

Hesabu ya kwanza, kabla ya kugusa kitu.

Hidrojeni ikifika kwenye platini upande wake, yaani anodi, hugawanyika kuwa protoni na elektroni. Elektroni huzunguka nje kwa waya, huko ndiko zinakowasha taa. Protoni hukatiza ndani ya utando. Haziogelei tu; hupokezanwa kutoka molekuli moja ya maji hadi nyingine, kama vijana waliopanga mstari kwenye ujenzi wakirushiana matofali. Maji yakipungua mstari unakatika, na tofali hubaki mkononi mwa mtu.

Utando uliolowa vizuri hupitisha kiasi cha 0.1 S/cm (siemens kwa sentimita, kipimo cha upitishaji). Gawanya unene kwa hiyo namba, utapata ukinzani: 117 inatoa 0.178 omu·cm², 212 inatoa 0.05, na 211 inatoa 0.025. Yaani kwenye mkondo wa ampia 1 kwa kila sentimita ya mraba, utando mnene unakula volti 0.178 peke yake, na seli nzima kwa nadharia haina zaidi ya 1.23. Mwembamba kabisa unakula 0.025. Kwenye karatasi hakuna mashindano hapa. Yaya, yaani ndugu yangu mkubwa, ambaye ndiye mwenye osiloskopu (kifaa kinachoonyesha volteji inavyobadilika) na kwa hiyo ndiye mwenye sauti, alisoma akasema, "Mdogo wangu, karatasi haina vumbi."

22 Juni

Seli ya kwanza imetoa umeme! Volti 0.95 bila mzigo. Tuliijenga hivi: sahani mbili za grafiti zilizochongwa vijia na Papa fundi kule Kenya (mtaa wetu wa Kenya, si nchi), elektrodi za kununua za karatasi ya kaboni zenye miligramu 0.5 za platini kwa sentimita ya mraba, na N117 katikati. Kubandika elektrodi kwenye utando kunataka joto na mgandamizo. Tulikwenda kwa kijana anayechapa fulana za kampeni na za misiba: mashine yake inafika nyuzi 130 bila shida, dakika tatu, na karatasi za Teflon za kuzuia kunata anazo tayari. Alitutoza bei ya fulana moja.

Utando ulitayarishwa kwanza kwa kuchemshwa. Saa moja katika maji oksijeni (peroksidi ya hidrojeni) ya duka la dawa, yale ya "volimu 10" ambayo ni sawa na 3%, kisha maji, kisha asidi ya sulfuriki ya nusu mola, kisha maji tena mara mbili. Tulitumia mbabula (jiko la mkaa) kwa sababu umeme ulikuwa umekwenda tangu asubuhi. Nilifunika sufuria ya kioo kuzuia majivu. Asidi si tatizo katika mji huu: madini ya shaba na kobalti yanayeyushwa kwa asidi hiyohiyo, malori yake yanapita kila siku, na muuza batri yeyote anayo.

Ukinzani tunaupima kwa kukata mkondo ghafla: seli inatoa ampia 1, Yaya anafungua swichi, na osiloskopu inaonyesha volteji ikiruka mara moja kabla ya kupanda polepole. Ule mruko wa papo hapo ndio ukinzani. Leo umeruka milivolti 84. Kwa eneo letu hiyo ni 0.42 omu·cm². Nilitarajia 0.18 na kitu kidogo cha miguso ya sahani. Kwa siku ya kwanza si mbaya.

Kila jaribio la hidrojeni ni nje, chini ya mwembe, bila mbabula karibu. Hidrojeni huanza kuwaka ikifika 4% tu ya hewa, na chumba changu kina dirisha moja.

6 Julai

NR212. Utando ni chini ya theluthi ya ule wa kwanza. Maandalizi yaleyale, elektrodi za aina ileile, mashine ileile ya fulana.

0.40.

Tumepima mara tano. Yaya amebadilisha swichi. 0.40, 0.41, 0.40. Hesabu yangu ya tarehe 15 iko ukutani, inanitazama.

7 Julai

Leo kila mtu ana sababu yake.

Mjomba, aliyewahi kufanya kazi mgodini, anasema ni urefu wa mji. Lubumbashi iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, "hata injini zinachoka". Nimemfanyia hesabu kwa heshima. Shinikizo la hewa hapa ni kama 87% ya lile la pwani, na oksijeni imepungua hivyohivyo. Lakini volteji ya seli hufuata logarithimu ya oksijeni, haifuati oksijeni yenyewe, kwa hiyo hasara ni milivolti chache tu. Ukitaka mkondo mkubwa sana hapo ndipo utasikia upungufu, maana oksijeni haitafika haraka kwenye platini. Na isitoshe, ukinzani tunaoupima kwa kukata mkondo haujui habari za oksijeni hata kidogo. Mjomba amesikiliza mpaka mwisho, akasema injini zake zilichoka kweli.

Yaya anasema ni miguso ya sahani. Inawezekana sehemu, lakini miguso ni ileile kwa tando zote mbili. Hata ikiwa ndiyo inayotawala, N117 bado ingeizidi 212 kwa tofauti ya unene, yaani 0.13 hivi, na haikuizidi hivyo.

Mimi nilisema ni ukavu, kwa kuwa ni Julai, baridi kavu, midomo inapasuka. Tukapitisha hidrojeni kwenye chupa ya maji ya moto kwa saa mbili. 0.39. Basi na mimi nimekosea.

20 Julai

Papa fundi ndiye aliyeona, na hakuwa anaangalia seli. Alikuja kuchukua mikrometa yake, akakuta dumu la maji mlangoni. "Mutoto wangu, ile ni maji ya batri ya pale sokoni? Mimi niliacha kuyatia kwenye batri ya gari. Inaacha unga mweupe."

Nilikuwa nimeyaamini kwa sababu dumu limeandikwa "maji safi ya batri". Nimeazima kipimo cha chumvi, kile cha kalamu. 22 kwa milioni. Maji ya kazi hii yanatakiwa kusoma sifuri, au moja ukiwa mvumilivu.

Inaonekana kidogo. Usiku nimekaa na kikokotozi, na sasa nimeelewa kila kitu. Naandika hesabu yote kwa sababu ndiyo kitu muhimu kuliko vyote nilivyojifunza tangu Juni.

Utando wa Nafion una moli moja ya vikundi vya asidi kwa kila gramu 1,100. Kipande chetu cha sentimita 5 kwa 5 cha N117 kina uzito wa gramu 0.9, kwa hiyo kina milimoli 0.82 za asidi. Kipande hichohicho cha 212 kina gramu 0.25, yaani milimoli 0.23. Cha 211 kina 0.11 tu. Hizo ndizo nafasi zote za protoni tulizo nazo, hakuna akiba nyingine.

Sasa maji. Tukichukulia kuwa zile 22 ni chumvi ya kalisi, lita moja inabeba chaji za kutosha kukalia milimoli 0.44 za nafasi. Na kalisi ina chaji mbili, asidi ya sulfoniki inaishika kwa nguvu kuliko inavyoishika protoni. Ikiingia haitoki kwa kuombwa. Kila kipande tulikisuuza kwa lita moja kwa jumla. N117 ikapoteza zaidi kidogo ya nusu ya nafasi zake. 212 ilikutana na uchafu unaokaribia mara mbili ya uwezo wake. Ikajaa yote!

Kwa hiyo hatukulinganisha mnene na mwembamba. Tulilinganisha mnene mgonjwa na mwembamba maiti, na wote wawili wakatoa namba moja kwa bahati mbaya.

Tena kuna kichekesho. Zile chembe za resini zinazouzwa za kusafishia maji ya viwandani ni polistireni iliyotiwa asidi ya sulfoniki, yaani kundi lilelile la asidi. Na Willard Thomas Grubb alipoanza seli za namna hii kule General Electric mwaka 1955, utando wake ulikuwa wa polistireni ya sulfoniki hiyohiyo ya kubadilisha ioni. Gemini V, chombo cha anga cha Marekani, iliruka na seli za ukoo huo mwaka 1965. Sisi wa Kamalondo tumenunua utando wa gharama tukautumia kusafisha maji ya batri.

27 Julai

Kutafuta maji. Resini ya kweli iko mbali na mfuko wangu. Tumeunda mtungo wa kuvukiza: chupa ya kioo juu ya mbabula, bomba la kioo, ndoo ya maji baridi. Mara ya kwanza ilisoma 6 kwa sababu nilijaza sana na maji yalirukia bombani. Mara ya pili, chupa ikiwa nusu na moto mdogo, 1. Lita moja na nusu kwa siku nzima na kilo kadhaa za makala (mkaa). Mama ameuliza makala ni ya nani.

3 Agosti

Tumeosha tena N117 na 212 katika asidi, nyuzi 80, saa moja, kisha tukabadilisha asidi na kurudia. Asidi ya kwanza inabeba kalisi inayotoka, ukiiacha itarudi palepale. Suuza tatu kwa maji ya mtungo.

Na njia ya hidrojeni nayo imerekebishwa. Kichanganuzi chetu kinatumia potasi (hidroksidi ya potasiamu), na hidrojeni inayotoka huja na ukungu mwembamba wa potasi. Potasiamu nayo ni mgeni asiyealikwa ndani ya utando. Sasa gesi inapita chupa mbili za maji na pamba kavu kabla ya kufika kwenye seli. Ukitaka kujua kama chupa ya pili inafanya kazi, ipime kila wiki. Ikianza kusoma kitu, badilisha.

17 Agosti

N117: 0.30. NR212: 0.16.

Yaya alipiga kelele mpaka jirani akachungulia ukutani.

31 Agosti

NR211 imetoboka.

Volti 0.71 bila mzigo, na inashuka. Tulifunga upande mmoja, tukapuliza hewa kwa pampu ya baiskeli upande wa pili, mrija ukiwa ndani ya glasi ya maji: povu tatu kila sekunde. Utando mzima hauruhusu hata povu moja kwa dakika kadhaa. Nilipoifungua na kuiinua juani niliona tundu dogo kama la sindano, karibu na pembe, na chini yake unyuzi wa kaboni umesimama wima kama mwiba.

Karatasi ya kaboni ni nyuzi zilizobanwa. Nyuzi zina upana wa mikromita 7 hivi, ni ngumu, na zikikatwa kwa mkasi huacha ncha. N117 inaweza kuchomwa na ncha kama hiyo mikromita 20 ikakaa kimya. Kwa 211 mikromita 20 ndiyo karibu safari yote.

Kosa ni langu. Gasketi zetu ni zilezile tangu Juni, na nilikaza boliti "mpaka zikatae". Karatasi yetu ina unene wa mikromita 190, nayo inapaswa kubanwa mpaka kama 150, yaani gasketi yenyewe ndiyo iamue kikomo. Nilikuwa naamua mimi kwa mkono. Kipande hicho kimekwenda, na nimebaki na robo tatu ya karatasi ya 211.

14 Septemba

Gasketi mpya za Teflon, mikromita 150 kila upande. Elektrodi zimekatwa kwa wembe mpya juu ya kioo, si mkasi, kisha kingo zikapitishwa taratibu kwa upande wa ukucha kuvunja nyuzi zilizosimama. Boliti zinakazwa kwa spana ya kupimia nguvu, ya gereji ya jirani, kwa msalaba, robo zamu kila moja. Papa fundi alisimamia. "Polepole. Hii si kichwa cha Land Cruiser."

NR211: 0.13. Povu: hakuna.

Sasa nina namba tatu za kweli, na nimechora mstari: unene chini, ukinzani juu. Nukta tatu zinakaa karibu kabisa kwenye mstari mmoja. Mteremko wake unatoa upitishaji wa 0.09 S/cm, kwa hiyo utando wetu sasa ni mzima. Na mahali mstari unapokata unene wa sifuri, panasoma 0.10. Hiyo ndiyo miguso, sahani na waya, haina uhusiano na utando wowote.

Mstari huo umenituliza, na umenivunja moyo kidogo pia. Kutoka 117 kwenda 212 nimeokoa 0.14. Kutoka 212 kwenda 211 nimeokoa 0.03. Hata nikipata utando wa unene wa sifuri, 0.10 inanisubiri. Wenye magari wana haki ya kukimbilia unene wa mikromita 10 hivi kama wa Toyota Mirai, gari la hidrojeni, uliotiwa kiunzi cha Teflon iliyovutwa, ile ambayo Bob Gore aliigundua mwaka 1969, maana wao wanavuta ampia nyingi kwa kila sentimita na sahani zao zina ukinzani mdogo. Mimi nina taa.

28 Septemba

Upande wa pili wa deni: hidrojeni inayopenya. Utando ukiwa mwembamba, gesi nayo inapata njia fupi, na hidrojeni inayovuka inaungua bila kutoa umeme.

Kuipima kunataka gesi isiyoshiriki upande wa kathodi, ule wa hewa. Mchomeleaji wa mtaa wa pili ana argoni kwa ajili ya kuchomelea alumini. Amenikodishia mtungi kwa siku moja. Hidrojeni anodini, argoni kathodini, kisha unaweka volti 0.4 kwa nje na kusoma mkondo unaotulia. Mkondo huo ni hidrojeni iliyovuka, basi.

N117: miliampia 1.5. NR212: 5. NR211: 10.

Gawanya kwa 5 upate kila sentimita ya mraba: 0.3, 1 na 2. Lengo la Wizara ya Nishati ya Marekani kwa tando za magari ni lisizidi 2. Kwa hiyo 211 iko palepale kwenye kikomo, na hiyo ni ikiwa mpya.

Taa yangu inavuta kiasi cha 0.1 A/cm². Kwa 211, napoteza hidrojeni kwa kupenya tu, sawa na 2% ya ile inayowasha taa, muda wote inapowaka. Ikizimwa huku gesi ikiwa ndani ni mbaya zaidi: hidrojeni na oksijeni zinakutana kwenye platini, zinatengeneza peroksidi, na chembe za chuma zikiwepo peroksidi hiyo huzaa radikali (vipande vya molekuli vikali sana) zinazoguguna polima. Ndiyo maana maabara zinazotaka kuua utando haraka huacha seli bila mzigo kwenye joto kali. Seli ya taa itakaa bila mzigo mchana kutwa. Sheria mpya ya nyumbani: ukizima taa, funga hidrojeni.

12 Oktoba

Joto, vumbi jekundu, na mvua bado. Saa nane mchana kipimo kimesoma unyevu wa 24%. Hii ndiyo siku niliyoisubiri. Tumeondoa chupa za kulowesha, tukazipitishia seli hidrojeni na hewa kavu hivihivi, kwa ampia 1.

N117 ilianza na volti 0.62, baada ya dakika 20 ilikuwa 0.45 na inaendelea kushuka. NR212 ilianza 0.66, ikashuka hadi 0.63, ikasimama hapo. NR211 haikupoteza hata milivolti 15.

Nilidhani mwembamba ndio utakaokauka kwanza, kama kitambaa chepesi juani. Kinyume chake. Kila protoni inayovuka hukokota maji kuelekea kathodi, na huko huko ndiko maji mapya yanakozaliwa. Anodi inabaki kiu. Katika utando mnene, maji ya kathodi yana safari ndefu kurudi. Katika mwembamba yanarudi karibu mara moja, utando unajinywesha wenyewe. Kwangu hii inazidi ile milivolti ya ukinzani niliyoianzia mradi. Kwa mji wenye miezi kama mitano bila mvua, seli isiyohitaji chupa ya maji ya moto ni nusu ya kazi.

Kwa hiyo 117 imetoka mashindanoni. Imebaki 212 au 211, na uamuzi wangu ni 212. 211 inashinda kwa milivolti ambazo taa haizioni, inapoteza hidrojeni maradufu, ina nusu ya asidi ya kuchezea, na unyuzi mmoja unaitoboa. Yaya hakubali. Anataka 211 kwa sababu ndiyo inayopendeza kwenye grafu.

9 Novemba

Mvua imeanza. Maji ya mvua yaliyokingwa uwanjani kwenye beseni ya plastiki, baada ya nusu saa ya kwanza kuosha hewa, yanasoma 4. Yaliyotoka kwenye bati yanasoma zaidi, na yana zinki. Nakinga uwanjani, kisha navukiza. 

23 Novemba

Seli ya 212 imefanya kazi zaidi ya saa 100 kwa vipande vya usiku. Ukinzani umepanda polepole kutoka 0.16 hadi 0.21. Tumefungua.

Pembe moja ya utando ina rangi ya kijani hafifu. Nimejua kabla ya Yaya kusema. Sahani ya kukusanya mkondo nyuma ya grafiti ni ya shaba, na maji ya kathodi yamekuwa yakivuja kidogo chini ya gasketi, yanaigusa, yanarudi yakiwa na ioni za shaba.

Papa fundi alikuna kichwa. Shaba alitoa yeye, tena bure. "Lakini huku kwetu kila kitu ni shaba." Kweli, na si sisi tu. Magari yale ya Mirai hutumia platini iliyochanganywa na kobalti, na kobalti hiyo nayo huyeyuka kidogo kidogo ikaingia kwenye utando na kukalia nafasi za protoni. Nilimwambia Mjomba kwamba huenda kobalti ya Katanga imejificha ndani ya utando wa gari fulani Tokyo. Akasema hiyo ndiyo sehemu pekee ya mradi wangu aliyoielewa.

Utando tumeuosha kwa asidi, mara mbili, umerudi 0.16. Shaba imeondolewa mahali penye unyevu; mkondo sasa unachukuliwa kwenye sikio la grafiti lililochomoza nje ya gasketi, na shaba inaanzia huko kukavu.

30 Novemba

Umeme ulikatika saa moja jioni. Taa iliwaka kwa 212, bila chupa ya kulowesha, mpaka saa nne na nusu tulipofunga hidrojeni. Mama alichambua mchele chini yake. Volteji ya mwisho 0.68, ukinzani 0.16.

Kesho narudisha spana ya gereji, na karatasi iliyobaki ya 211 nampa Yaya.